Valentino, mfungwa wa Roma



Mwezi wa pili ukifika, hapa Luzira hata mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba tarehe 14 watu huvaa nyekundu. Maduka hutundika mioyo ya karatasi, redio hutangaza zawadi, na vijana wetu huulizana nani atampa nani ua. Wazazi kadhaa wametuuliza kama sikukuu hii ni ya Kikristo au ya kipagani. Tumeona ni afadhali kwanza tueleze maisha ya mwenye jina lenyewe, maana wengi wanaolitaja hawajui kwamba mtu huyo alikuwa mfungwa. Sisi tunaoishi jirani na gereza lililojengwa na Waingereza miaka ya 1920, gereza ambalo baadhi yetu tumesimama langoni pake tukiwa na kifurushi mkononi, tuna sababu zaidi ya kumfahamu.

Valentino alikuwa padri mjini Roma katika karne ya 3. Wakristo walikuwa bado hawajapata uhuru wa kuabudu uliokuja mwaka 313. Masimulizi ya zamani yanasema alikamatwa wakati wa Kaisari Claudius wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 268 hadi 270, akafungwa minyororo. Kisha akakabidhiwa kwa hakimu mmoja, Asterius, ili amgeuze moyo aiache imani yake.

Hakimu huyo alimpeleka mfungwa nyumbani kwake. Alikuwa na binti wa kulea ambaye alikuwa kipofu. Alipomsikia Valentino akisema Kristo ni nuru, alimtaka amwombee binti apate kuona. Valentino akaomba, na masimulizi yanasema macho ya binti yalifunguka. Asterius akavunja sanamu zake, akafunga chakula, akabatizwa pamoja na nyumba yake yote, tena akawaachilia Wakristo waliokuwa chini ya ulinzi wake. Habari zikamfikia Kaisari. Valentino alipigwa kwa marungu, akakatwa kichwa kando ya njia ya Flaminia, nje ya mji, tarehe 14 Februari. Asterius na watu wake nao waliuawa.

Masimulizi haya yaliandikwa zaidi ya miaka 200 baadaye, na wataalamu hawayachukui yote kuwa historia. Yupo pia Valentino mwingine, askofu wa mji wa Terni, anayekumbukwa siku hiyohiyo, na wengine hudhani ni mtu mmoja aliyesimuliwa mara mbili. Lakini kaburi kando ya ile njia lilikuwepo. Katika karne ya 4 Papa Julius alijenga kanisa mahali pale, mahujaji wakawa wanakwenda kwa miguu, na baadaye lango la mji la upande huo likaitwa kwa jina la Valentino.

Ndugu, hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Habari za Valentino hazikuandikwa peke yake. Zimo ndani ya habari za familia ya wageni: Marius, mkewe Martha, na wana wao wawili, Audifax na Abachum. Walitoka Uajemi, nchi iliyokuwa ikipigana vita na Roma mara kwa mara, wakaja kusali kwenye makaburi ya Mitume. Hawakuwa na ukoo mjini. Walichofanya ni kuwatafuta Wakristo waliofungwa, kuwahudumia kwa mali waliyokuja nayo, na kuzika miili ya waliouawa, kazi ambayo wenyeji wengi waliiogopa. Mwishowe wao pia walikamatwa. Baba na wana walikatwa vichwa, na mama alizamishwa majini. Sisi tuliovuka mpaka na watoto mgongoni tumezoea kuhesabiwa kama watu wa kupokea msaada tu. Familia hii ilikuwa ya wageni, na wafungwa wa Roma walikula kutoka mikononi mwao.

Sasa tazameni kisichokuwemo. Katika masimulizi hayo ya kale hamna habari ya Valentino kuwafungisha askari ndoa kwa siri. Wala hamna barua ya mapenzi aliyomwandikia binti wa mlinzi wa gereza. Hayo yaliongezwa baadaye sana, ingawa kila mwaka yanasomwa redioni kama Injili.

Mapenzi ya kijana na msichana yaliunganishwa na siku hii zaidi ya miaka 1,000 baada ya kifo chake. Mwishoni mwa karne ya 14 mshairi Mwingereza, Geoffrey Chaucer, alitunga shairi kuhusu ndege wanaokutana siku ya Valentino kuchagua wenzi. Watu wa ikulu wakaipenda dhana hiyo, wakaanza kuandikiana. Wafanyabiashara wakafuata. Nchini Marekani, katika mji wa Worcester, Esther Howland alianza mwishoni mwa miaka ya 1840 kuuza kadi zenye karatasi za lesi, akiwaajiri wanawake wenzake kuzitengeneza. Biashara ilimstawisha (naye mwenyewe hakuolewa kamwe). Mwaka 1913 kampuni ya Hallmark ikaanza kuuza kadi za siku hiyo.

Maua nayo hayako mbali nasi. Tangu miaka ya 1990 mashamba ya waridi yalianzishwa hapa Uganda, mengine karibu na Entebbe kando ya ziwa hilihili tunaloliona kutoka Port Bell. Waridi hukatwa, hupangwa kwenye maboksi, na kupelekwa kwa ndege hadi Uholanzi, ambako maua ya dunia nzima huuzwa kwa mnada. Wiki za kabla ya tarehe 14 Februari ndizo za kazi nyingi kuliko zote.

Wakati biashara inakua, kanisa lenyewe lilikuwa likimsahau. Mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliiondoa siku yake katika kalenda yake ya jumla, kwa sababu habari za hakika zilikuwa chache, ingawa jina lake limebaki katika orodha ya mashahidi. Waanglikana wanalo katika kalenda ya kitabu chao cha sala cha mwaka 1662.

Basi kwa wazazi waliouliza, jibu letu ni kwamba siku ni ya Kikristo kwa asili, na kadi si dhambi. Mume anayemletea mkewe ua hatutamkemea, tungependa hata wawe wengi zaidi. Kinachotusikitisha ni kijana kukopa pesa ili asionekane maskini mbele ya msichana, na binti kudhani kwamba asiyepewa kitu hapendwi na mtu.

Tena wapo ndani ya gereza hapa Luzira watu wanaozungumza lugha zetu, ambao jamaa zao wako mbali au hawajulikani waliko. Wenye sabuni, sukari au nguo za kuwapelekea wazilete kwa mashemasi baada ya ibada, kabla ya tarehe 14.