Malherbe: Mlinzi wa Mizani ya Kifaransa

François de Malherbe alizaliwa mwaka wa 1555 mjini Caen, kaskazini mwa Ufaransa. Alipofika kwa Mfalme Henri wa Nne jijini Paris mwaka wa 1605, alikuwa na umri wa miaka hamsini na tungo chache tu. Hata hivyo, ndiye aliyekuja kuwa hakimu wa ushairi wa Kifaransa.

Silaha yake ilikuwa sikio. Katika Kifaransa, konsonanti moja iliyo baina ya irabu mbili huandamana na irabu inayoifuata. Mkazo nao huangukia silabi kamili ya mwisho ya fungu la maneno, wala si ya pili kutoka mwisho kama ilivyo katika Kiswahili. Kwa msingi huo, Malherbe alishikilia kwamba mshororo wa mizani 12 sharti ugawike katika vipande viwili vya mizani sita sita, mkazo ukiangukia mizani ya sita na ya kumi na mbili. Alikataza irabu mbili zinazotamkwa zigongane baina ya maneno. Aidha, alichukia mishororo mishata.

Mshairi Mathurin Régnier alimkejeli, akimwona mpimaji wa silabi aliyekosa msukumo wa kishairi. Lakini Malherbe hakuzitafuta sheria zake vitabuni pekee. Inasimuliwa kuwa alipoulizwa kuhusu walimu wake wa lugha, aliwataja wapagazi wa gati la nyasi kavu jijini Paris.

Mtihani mkubwa ulimjia uzeeni. Awali alikuwa amemtungia rafiki yake, Du Périer, shairi mashuhuri la kumliwaza kwa kufiwa na binti. Mwaka wa 1627, mwanawe mwenyewe, Marc-Antoine, aliuawa kwa upanga. Mzee huyo wa zaidi ya miaka sabini alifunga safari hadi kambi ya Mfalme Louis wa Kumi na Tatu huko La Rochelle kudai haki. Alifariki jijini Paris mwezi wa Oktoba 1628.

Aliacha soneti ya kumlilia mwanawe. Imejaa uchungu na kiu ya kisasi, lakini kila mshororo una mizani 12, na kituo kiko baada ya mizani ya sita. Wanaodai kwamba arudhi hukausha hisia wana soneti hiyo ya kuijibu: baba alilia, na mizani haikupotea.