Askofu Festo Kivengere: Msemaji Aliyeanza kwa Kuomba Msamaha

Soma kabla: Kutoka 4:10–17, Mathayo 5:23–24



Mchungaji aliponiomba niandike ukurasa huu wa watumishi waliotutangulia, nilijua mara moja nitaandika juu ya nani. Nitaandika juu ya Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Lakini siwezi kumwandika bila kwanza kusema jambo langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya nimjue.

Wengi wenu mnaniona nikitafsiri ibada ya pili, mgeni akija kuhubiri kwa Kiingereza. Mnaniona na maiki pale mbele, mnadhani nilizaliwa na mdomo. Sivyo. Miaka michache iliyopita nilisimama kwenye mazishi mbele ya watu wengi wa hapa Karagita, na sikumaliza hata sentensi tatu.

Alikuwa amefariki dada mmoja tuliyefanya naye kazi kwa maua. Tulikuwa tukipanga waridi meza moja. Wenzetu wakanichagua niseme kwa niaba yao. Nikajiandaa, hata usiseme! Niliandika kurasa mbili za daftari, nikazikariri, nikajiangalia kwenye kioo, nikarudia usiku mpaka watoto wangu wakaijua hotuba kuliko mimi. Siku ikafika, nikaitwa. Nikafungua mdomo kusema vile marehemu alikuwa rafiki yangu, na sauti ikakatika. Nikajaribu tena, ikakatika tena. Akina mama wakanishika mkono wakanirudisha kwa kiti, wakidhani ni uchungu wa kufiwa.

Ukweli nilikuwa naujua mimi. Mimi na yule dada hatukuwa tumesalimiana kwa miezi minne. Nilikuwa mweka hazina wa chama chetu, na nilikuwa nimemwambia mbele ya watu kwamba amekula shilingi elfu tatu na mia mbili. Halafu akaugua. Wiki moja kabla hajafariki, nikapitia daftari langu nikapata kosa ni langu. Nilijumlisha vibaya. Nikasema nitaenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Jumapili nikachoka. Siku ya Alhamisi tukapigiwa simu.

Nilipomwambia mchungaji haya yote, hakunifundisha jinsi ya kushika maiki. Alinisimulia habari za Festo na baiskeli.

Kijana wa mifugo

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 upande wa Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga ng'ombe. Akasoma, akawa mwalimu wa shule. Alikuwa amesikia Injili tangu utotoni, lakini alipokuwa kijana aliiacha kabisa, akafuata pombe, na watu waliookoka wakawa wanamkera.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo ule Uamsho mkubwa wa Afrika Mashariki ulikuwa unawaka. Ulianzia Rwanda na Uganda, na mwaka 1937 kikundi cha wale ndugu kilikuwa kimefika hapa kwetu Kenya. Wazee wetu waliotoka Kiambu na Murang'a wanajua ninachosema, maana huko waliitwa ahonoki. Walikuwa watu wa kutubu hadharani, kurudisha vitu walivyoiba na kuombana msamaha. Moto huo ulimkuta Festo nyumbani kwao. Jamaa zake wakaokoka, wakamwombea, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 naye akampa Yesu maisha yake.

Sasa sikiliza hapa. Kulikuwa na mmishenari Mzungu ambaye Festo alimchukia. Baada ya kuokoka, Roho wa Mungu akamkumbusha yule mtu. Festo angeweza kusema, ameokoka, mambo ya zamani yamepita. Angeweza kusubiri wakutane siku moja mahali. Badala yake alipanda baiskeli akaendesha kama maili 50 mpaka nyumbani kwa yule mmishenari, kumwomba msamaha kwa sababu ya ile chuki. Wakapatana.

Maili 50 ni kama kutoka hapa South Lake upite Naivasha, upite Gilgil, uingie Nakuru mjini na bado uendelee. Na barabara ya huko ni milima. Festo alisafiri hivyo kwenda kusema maneno machache tu. Naamini hiyo ndiyo hotuba ya kwanza kubwa aliyowahi kutoa. Ilisikilizwa na mtu mmoja.

Na mimi, yule dada alikuwa akiishi nyumba ya nne kutoka kwangu.

Mtu wa lugha nyingi

Mwaka 1946 Festo na mke wake Mera waliacha kwao wakaenda Dodoma, Tanganyika. Alifundisha shule huko na kueneza Injili kwa miaka mingi. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kuzaliwa, lakini alikijua mpaka kikawa mali yake. Alikuwa na lugha ya nyumbani, akawa na Kiingereza na hicho Kiswahili, na akawa anaweza kumfikia mtu wa soko na mtu wa ofisi.

Mwaka 1960 mhubiri Billy Graham wa Marekani alizunguka Afrika. Alipofika Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, maelfu ya watu walijaa, na aliyesimama kando yake kutafsiri kwa Kiswahili alikuwa Festo.

Nyinyi mnaosikiliza hamjui kazi ya mtafsiri. Hupewi hotuba mapema ukafanye mazoezi nyumbani. Sentensi inakuja, na kabla haijapoa uwe umeitoa, kwa uzito ule ule. Mhubiri akipaza sauti, nawe paza. Akilia, usicheke. Na kishawishi kikubwa ni kuongeza chako. Unasikia mhubiri amesema jambo, unaona wewe ungelisema vizuri zaidi, unaweka chumvi kidogo. Watu wanasema amina, na amina hiyo umeiiba. Maandalizi ya mtafsiri yanafanyika miaka kumi kabla, katika kuijua lugha ya watu na kuwa mnyenyekevu wa kusema ya mwingine. Tumesoma kwamba Musa alijitetea kuwa ana ulimi mzito, na Mungu akampa Haruni asimame kwa ajili yake. Sisi humsifu Musa tu. Haruni naye alikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa kutoongeza.

Festo alisoma theolojia Marekani, akawekwa wakfu kuwa mchungaji, na mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Aliongoza pia huduma ya African Enterprise upande wetu wa Afrika Mashariki, akahubiri nchi nyingi duniani. Lakini mimi nataka tusimame Kabale.

Uwanja wa Kabale, 1973

Idi Amin alikuwa ametwaa Uganda mwaka 1971. Mwezi wa Februari mwaka 1973 serikali yake iliamua kuwapiga watu risasi hadharani katika miji kadhaa, ili raia waogope. Kabale waliletwa wanaume watatu. Watu waliitwa uwanjani kutazama, wakafika kama elfu tatu, na uwanja wote ukawa kimya. Askofu Festo na wachungaji wenzake wawili walipewa ruhusa ya kuzungumza na wale watu kabla hawajauawa.

Hebu jiweke pale. Wewe ni mhubiri unayejulikana. Umehubiri kwa maelfu. Sasa unatembea katikati ya uwanja, askari wameshika bunduki, na mbele yako kuna watu watatu wenye pingu ambao baada ya dakika chache hawatakuwepo. Utaanza na nini? Utasema habari njema? Utawauliza kama wametubu? Festo mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipokuwa akitembea alikuwa akijiuliza atasema nini kwa watu ambao pengine wamejaa hasira.

Wakawafikia kwa nyuma. Wale watu wakageuka. Nyuso zao zilikuwa zinang'aa. Kabla askofu hajasema neno, mmoja wao akaanza kumshukuru kwa kuja. Akamweleza kwamba siku aliyokamatwa, akiwa ndani ya seli, alimwomba Yesu aingie moyoni mwake, na Yesu akaingia na kumsamehe dhambi zote. Akaomba mke wake na watoto waambiwe wasilie, maana anakwenda kuwa na Yesu. Na wale wengine wawili wakasema vilevile, wakiinua mikono yenye pingu.

Mahubiri ya askofu yakaishia hapo. Hakukuwa na mtu wa kuhubiriwa kati ya wale watatu. Na hapa ndipo ninapompenda Festo. Hakulazimisha kusema alichokuwa amekuja nacho. Aliona kwamba wanaohitaji kusikia ni wale askari. Akawageukia, akawatafsiria maneno ya wale waliohukumiwa, kwa lugha ambayo askari waliielewa. Alikuwa askofu, lakini siku hiyo alirudi kuwa mtafsiri, kama vile Moshi.

Askari walishangaa mpaka wakasahau kuwafunika wale watu nyuso. Wale watatu wakasimama pamoja, wakautazama umati, wakawapungia mkono na pingu zao. Watu nao wakawapungia. Kisha risasi zikalia.

Jumapili iliyofuata Festo alihubiri katika mji wa nyumbani wa mmoja wao. Watu walikuwa wengi, na hali ilikuwa ya matanga. Alipowaeleza ushuhuda wa ndugu yao, kanisa likapasuka kwa nyimbo za sifa, na wengi wakaokoka siku hiyo.

Januari 1977 alihubiri tena mahali pa hatari, huko Bushenyi, askofu mwingine alipokuwa akiwekwa wakfu. Wakubwa wa serikali walikuwa wameketi pale wakisikia, naye akanena juu ya thamani ya uhai wa mwanadamu. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Festo naye akawa anatafutwa, na yeye na Mera wakavuka milima usiku kwa miguu mpaka Rwanda. Mwaka huo huo akatoa kitabu kinachosema kwamba anampenda Idi Amin. Hakuwa akisifu mabaya yake. Aliona kwamba akiruhusu chuki ikae ndani yake, hatakuwa na Injili ya kumpa mtu yeyote. Ilikuwa ile baiskeli tena.

Amin alipoondolewa mwaka 1979, Festo alirudi kwa watu wake. Alifariki hapa Nairobi tarehe 18 Mei 1988, akiugua saratani ya damu.

Tufanye nini?

Wapendwa, wengi wetu tutasimama mbele ya watu. Utaitwa kwenye harusi, kwenye mazishi, mkutano wa wafanyakazi, ushuhuda wa Jumapili. Nawapa niliyojifunza.

Kwanza, patana kabla hujapanda mimbarini. Kama kuna mtu pale kwenye viti ambaye hujamsalimia, au aliye kitandani anakungoja, nenda. Koo lako linajua.

Pili, fanya mazoezi kwa sauti, si kwa macho. Mimi hufanya alfajiri nikitembea kwenda kazini. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho. Katikati shika mambo matatu tu. Mwombe mtu akae mbali akuambie kama anasikia. Ukipewa dakika tano, chukua nne.

Tatu, jua lugha ya aliye mbele yako. Hapa Karagita tuko Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii, Waturkana na wengine. Neno gumu halikuongezei upako.

Nne, uwe tayari kuacha ulichoandaa. Ukifika ukakuta kuna mwenye ushuhuda kuliko wako, msaidie asikike, kisha ukae chini.

Mimi baada ya kusikia habari za baiskeli nilienda kwa binti mkubwa wa yule dada. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, na kwamba nilijua kabla mama yake hajafa. Hakunijibu upesi. Alilia, akaniuliza kwa nini sikuja. Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Mkutano wa chama uliofuata nikasimama bila karatasi. Nikasema marehemu hakula pesa yoyote, mimi ndiye niliyehesabu vibaya na nikanyamaza. Nikaacha uweka hazina. Ilichukua kama dakika moja. Sauti haikukatika.

Binti yule siku hizi anakaa mstari wa tatu ibada ya pili. Kila nikishika maiki namwona.

Tuombe: Bwana, tupe midomo safi na miguu ya kwenda kwa tuliowakosea wangali hai. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Nani yuko umbali wa nyumba nne kutoka kwako ambaye hujamwendea?
2. Ungesema nini kwa wale watatu wa Kabale, kama wasingeanza wao?
3. Je, kuna ushuhuda wa mtu mwingine ambao Mungu anataka uusaidie usikike?