Burkitt: Mpasuaji wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani

MNAMO 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba pande zote za mataya. Mzaliwa huyo wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, aliyepoteza jicho akiwa mvulana, alijua kisu hakingefua dafu, na mashine za mionzi hazikuwapo Uganda.

Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri maili 10,000 kwa gari kuukuu, wakibisha hodi hospitali baada ya hospitali. Wakabaini kuwa maradhi hayo hushamiri nyanda za joto zenye mvua, si milimani.

Burkitt akageukia dawa. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache mno, jambo lililowastaajabisha wataalamu wa Ulaya.

Alifariki 1993. Seli za uvimbe huo zingali zinakuzwa maabarani, ambako hujaribiwa dawa kama etoposidi, inayozuia kimeng'enya cha topoisomerasi hadi nyuzi za DNA zikatike zisiungike tena.