Selma Lagerlöf na Shamba la Mårbacka

Selma Ottilia Lovisa Lagerlöf alizaliwa tarehe 20 Novemba 1858 katika shamba la Mårbacka, usharika wa Östra Ämtervik, mkoa wa Värmland, magharibi mwa Uswidi. Katika karne ya 18 shamba hilo lilikuwa mikononi mwa familia za wachungaji, likirithiwa kwa njia ya mabinti. Bibi yake Selma, Lisa Maja Wennervik, aliyekuwa binti wa mchungaji, aliolewa na Daniel Lagerlöf, karani wa jeshi. Hivyo shamba likaingia katika ukoo wa Lagerlöf. Baada yao lilishikwa na mwana wao, Luteni Erik Gustaf, baba yake Selma.

Selma alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi, miguu yake ilipooza kwa muda, na alichechemea maisha yake yote. Kwa kuwa hakuweza kucheza na wenzake, aliketi karibu na bibi yake akisikiliza hadithi za kale. Urithi huo hakuna mdai aliyeweza kuuchukua.

Baba yake alifariki mwaka 1885, akiacha madeni. Miaka michache baadaye Mårbacka iliuzwa, mali na vyombo vikatawanyika. Wakati huo Selma alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana mjini Landskrona. Huzuni ya kupoteza nyumba ya wazee wake haikumnyamazisha, bali ilimsukuma kuandika. Mwaka 1891 alitoa kitabu chake cha kwanza, Gösta Berlings saga, kilichojengwa juu ya masimulizi ya Värmland.

Mwaka 1907 aliinunua tena nyumba ya Mårbacka pamoja na bustani yake. Mwaka 1909 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata, na mwaka 1910 fedha hizo zilimwezesha kukomboa mashamba yaliyobaki. Mwaka 1914 akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika Akademia ya Uswidi. Kati ya miaka 1921 na 1923 nyumba ilijengwa upya kwa ramani ya msanifu Isak Gustaf Clason.

Hata hivyo, kumiliki shamba hakukuwa heshima tupu. Kilimo kilidai gharama kubwa, na watumishi walihitaji ujira wao. Alijaribu hata biashara ya unga wa nafaka uliobeba jina la Mårbacka. Mara nyingi kalamu ndiyo iliyolilisha jembe.

Selma hakuolewa wala hakuacha mtoto. Alifariki hapo hapo Mårbacka tarehe 16 Machi 1940, akazikwa Östra Ämtervik. Katika wosia wake aliagiza nyumba hiyo itunzwe na kufunguliwa kwa watu wote. Nayo ilifunguliwa mwaka 1942. Hivyo shamba lililopita kwa mabinti wa wachungaji, likapotea kwa madeni na kukombolewa kwa kazi ya mikono ya binti mmoja, likawa urithi wa wengi.