Booker T. Washington: Aliweka saa rehani ili achome matofali

Serikali ya jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, ilikubali kutoa dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya chuo cha walimu weusi mjini Tuskegee. Fedha hizo zilikuwa za mishahara tu. Kiwanja hakikuwapo, wala jengo. Hayo ndiyo aliyoyakuta Booker T. Washington alipofika Juni 1881, kijana wa miaka 25 aliyezaliwa mtumwa.

Alianza Julai 4 na wanafunzi 30 katika kibanda kibovu kando ya kanisa. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alimshikia mwalimu mwamvuli. Baadaye likapatikana shamba la ekari 100 kwa dola 500, nusu yake akiikopa kwa mweka hazina wa Chuo cha Hampton, alikosoma. Banda la farasi na la kuku yakasafishwa yakawa madarasa.

Wanafunzi walinung'unika walipotakiwa kufyeka pori, kwani walikuja kusoma vitabu. Washington akashika shoka akatangulia.

Kazi iliyomtesa zaidi ni matofali. Tanuri la kwanza, lenye matofali kama 25,000, liliharibika. La pili hivyo hivyo, na la tatu likaporomoka. Mtaji ukaisha. Akapeleka saa yake Montgomery akaiweka rehani kwa dola 15, akajaribu la nne, likaiva. Saa hakuikomboa tena.

Mjini hapakuwa na mfyatuaji mwingine, hivyo wazungu ambao hawakukipenda chuo wakaja kununua. Kufikia karibu mwaka 1900 wanafunzi walifyatua zaidi ya matofali milioni moja kwa msimu. Kwa macho ya mchumi, soko hilo lilikilinda chuo kuliko hotuba.

Mwaka 1896 alimwajiri George Washington Carver, na mwaka 1906 likaanza gari la kukokotwa na nyumbu lililopeleka mafunzo ya kilimo hadi mashambani.

Wapo waliompinga. W.E.B. Du Bois alimlaumu mwaka 1903 kwa kuitanguliza kazi ya mikono na kuiweka kando haki ya kupiga kura, na lawama hiyo ilikuwa na uzito, maana tofali halimpi mtu kura.

Washington alifariki Novemba 1915. Tuskegee ilikuwa na majengo zaidi ya 100, wanafunzi wapatao 1,500 na akiba ya karibu dola milioni 2.