Edmund Selous

Edmund Selous (14 Agosti 1857 – 25 Machi 1934) alikuwa mwanasheria na mtaalamu wa ndege kutoka Uingereza. Anakumbukwa kwa kutetea utazamaji wa ndege walio hai, wakati ambapo wataalamu wengi waliwachunguza baada ya kuwapiga risasi.

Maisha

Alizaliwa mjini London. Kaka yake, Frederick Selous, alikuwa mwindaji mashuhuri barani Afrika. Frederick aliuawa vitani tarehe 4 Januari 1917 huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, na Pori la Akiba la Selous nchini Tanzania lilipewa jina lake.

Edmund alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, akafanya kazi ya uwakili kwa muda mfupi, kisha akaiacha. Mwanzoni naye alipiga ndege kwa bunduki, lakini kadiri alivyowatazama kwa karibu ndivyo alivyoona kuwa kuwaua ni ukatili.

Kazi

Mwaka 1898 alitazama jozi ya mpasuasanda kwenye kiota chao, akiandika palepale kila walichofanya. Mwaka 1901 alitoa kitabu *Bird Watching*, na jina hilo likawa jina la kawaida la shughuli hiyo kwa Kiingereza.

Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, alichunguza skua, ndege wa bahari wanaotaga kwenye nyanda tupu zenye ardhi ya mboji na kumshambulia yeyote anayekaribia viota vyao. Huko Skandinavia na Uingereza alifuatilia ndege weusi wa jamii ya kwale, ambao madume yao hukusanyika alfajiri kucheza mbele ya majike. Aliona kwamba majike ndiyo huchagua. Jambo hilo liliunga mkono nadharia ya Charles Darwin, ambayo wataalamu wengi waliitilia shaka.

Mwaka 1931 alidai kwamba ndege katika kundi hupitishiana mawazo. Dai hilo halikukubaliwa. Leo inajulikana kuwa kila ndege hufuata mwendo wa jirani zake.

Urithi

Selous alieleza pia uchumba wa kibisi kishungi. Mwaka 1912 Julian Huxley alichunguza ndege haohao kwenye mabwawa ya Tring, Uingereza, na makala yake ya mwaka 1914 ikawa msingi muhimu wa elimu ya tabia za wanyama.