Chris Seydou, fundi aliyesita kukata kitambaa cha kwao

Katikati ya miaka ya 1970, fundi mmoja kutoka Mali aliyekuwa akiishi Paris alikuwa na vitambaa vya kwao alivyopewa zawadi alipokwenda likizo nyumbani. Tangu akiwa na miaka 16 alikuwa amekata vitambaa vya kila namna: vya wanawake wa Ouagadougou, vya matajiri wa Abidjan, vya Wazungu. Lakini hivi vya kwao vilimshinda. Kwa muda mrefu alishindwa kuvitia mkasi.

Fundi huyo alijulikana kwa jina la Chris Seydou, na kitambaa kilichomshinda kinaitwa bogolan. Hatimaye alikikata. Baada ya hapo kitambaa ambacho watu wa mjini walikiona kuwa nguo ya wawindaji na bibi wa vijijini kikapanda majukwaa ya mitindo ya Ulaya, na miaka michache baadaye kikawa alama ya taifa la Mali. Maisha yake yanagusa jambo linalomkabili kila anayevusha bidhaa ya kwao mpakani: ibadilishwe kiasi gani ili mgeni ainunue, na ikishabadilishwa, nani ananufaika.

Kutoka Kati hadi Abidjan

Alizaliwa tarehe 18 Mei 1949 katika mji wa Kati, mji wa kambi ya jeshi ulio kilomita kama 15 kutoka Bamako. Wazazi wake walimwita Seydou Nourou Doumbia. Mama yake alikuwa mtarizi, kwa hiyo sindano, uzi na vitambaa vilikuwa vitu vya kawaida nyumbani kwao. Akiwa na miaka 16 aliona shule haimfai tena. Mwaka 1965 familia yake ikampeleka kwa fundi cherehani wa mjini hapo ajifunze kazi.

Miaka mitatu baadaye alivuka mpaka. Mwaka 1968 alikwenda Ouagadougou, mji mkuu wa Volta ya Juu, nchi inayoitwa leo Burkina Faso. Mwaka uliofuata akashuka pwani hadi Abidjan, Cote d'Ivoire.

Njia hiyo ilikuwa na usumbufu ambao wafanyabiashara wa mipakani wanaufahamu. Mwaka 1962 Mali ilikuwa imejitoa katika eneo la faranga ya CFA na kuanzisha faranga yake yenyewe. Ouagadougou na Abidjan ziliendelea kutumia CFA. Aliyetoka Bamako kwenda kutafuta riziki kwa majirani alilazimika kubadilisha fedha, na fedha ya kwao ndiyo iliyokuwa dhaifu. Mali haikurudi kwenye CFA hadi mwaka 1984.

Abidjan ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa mji wenye fedha. Kakao na kahawa viliuzwa vizuri, ofisi na maghorofa yalijengwa, na wake wa wakubwa walitaka kuvaa kama wanawake wa Paris. Kijana wa Kati aliyejua kushona mtindo wa Ulaya alipata wateja. Ndipo alipoacha jina la Seydou Nourou Doumbia na kujiita Chris Seydou. Jina la Chris alilichukua kwa heshima ya Christian Dior, mbunifu mkubwa wa Ufaransa. Alilibakiza la Seydou, na majina hayo mawili yakaeleza alikotoka na alikokuwa anakwenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Paris, akajifunza ushonaji wa Kifaransa wa nguo za bei kubwa. Huko alikutana na wabunifu wenzake kutoka nchi nyingine za Afrika, na yeye ni miongoni mwa walioanzisha shirikisho la wabunifu wa mavazi wa Afrika. Ilikuwa hatua ya maana, kwa sababu kila mmoja peke yake alionekana kama mgeni mwenye cherehani; wakiwa pamoja waliweza kuonekana kama soko.

Kitambaa cha matope

Ili kuelewa kwa nini mkono wake ulisita, ni lazima kujua bogolan inavyotengenezwa.

Jina lenyewe ni la Kibambara. Bogo ni matope, na jina kamili, bogolanfini, lina maana ya nguo iliyotengenezwa kwa matope. Katika eneo la Beledougou, kaskazini ya Bamako, wanaume hufuma pamba kwa mkono katika mistari myembamba, kisha mistari hiyo huunganishwa kwa kushonwa ubavu kwa ubavu hadi ipatikane nguo pana. Kazi ya rangi kwa desturi ilikuwa ya wanawake. Nguo huchovywa kwanza katika maji ya majani ya mti uitwao n'galama, ikatoka ya manjano. Kisha mtengenezaji huchukua matope ya bwawa yaliyowekwa chunguni kwa muda mrefu hadi yakachacha, na kuyapaka kwa kijiti au kipande cha chuma. Madini ya chuma yaliyomo kwenye matope hushikana na dawa ya majani, rangi ikawa nyeusi isiyotoka kwa kufuliwa.

Ajabu ni kwamba mchoro wenyewe haupakwi. Mwanamke hupaka pembeni yake pote na kuuacha mchoro katikati. Nguo hufuliwa, huchovywa tena, hupakwa tena. Mwisho zile sehemu zilizobaki za manjano hupakwa dawa kali inayozing'arisha zikawa nyeupe. Nguo moja huchukua wiki kadhaa.

Michoro ina majina na maana. Upo unaoitwa kiwiko cha kenge, upo unaoitwa mto wa kuegemea wa mwanamke wa Kimauri, ipo inayokumbusha vita vya zamani. Mama humfundisha binti yake. Mtengenezaji hupanga michoro kadhaa katika nguo moja, na mpangilio huo ndio unaobeba ujumbe. Wawindaji walivaa bogolan porini iwakinge. Wasichana waliivaa walipotoka jandoni, na wanawake baada ya kujifungua, kwa imani kwamba nguo hiyo humeza madhara yanayoandamana na damu.

Kwa mtu aliyelelewa karibu na mambo hayo, kukata bogolan katikati ni kama kuchana barua ya mzee kabla haijasomwa. Chris Seydou alikuwa ameizoea tangu utotoni kama nguo ya wawindaji, wala hakuwa ameifikiria kuwa kitambaa cha kushonea suti.

Mkasi unapita

Alianza kushona nguo za bogolan kati ya mwaka 1975 na 1976. Mwaka huo wa 1975 nchi za Afrika Magharibi zilitia saini mjini Lagos mkataba wa kuanzisha jumuiya yao ya uchumi, ECOWAS.

Alichoshona hakikufanana na vazi la kijijini. Zilikuwa sketi fupi, jaketi za mtindo wa waendesha pikipiki, makoti na suti zilizokaa mwilini. Kitambaa kizito cha pamba iliyofumwa kwa mkono kilifaa kwa makoti, na weusi wake wenye mistari myeupe ulionekana wa kisasa hata kwa macho ya mtu asiyejua Mali iko wapi. Wateja wa Ulaya waliona mtindo mpya. Waafrika waliokuwa huko waliona kitu cha kwao kimepewa heshima ambayo nyumbani hakikuwa nayo.

Hata hivyo tatizo la mkasi halikwisha. Fundi anayeshona suti anahitaji kitambaa kinachofanana mwanzo hadi mwisho, mchoro wa bega la kulia ulingane na wa bega la kushoto. Muuza jora yeyote analijua hilo. Bogolan ya asili haina jora. Kila nguo ni moja, na michoro yake hubadilika kutoka pembe hadi pembe. Ukiikata kama kitenge, baadhi ya michoro inaishia kwenye mabaki sakafuni.

Chris Seydou alitafuta njia ya katikati. Badala ya kukatakata nguo zenye maana iliyopangwa na mama wa kijijini, alichagua mchoro mmoja au miwili, akaipanua, akaagiza watengenezaji wapake kitambaa kizima kwa mchoro huo tu. Kitambaa hicho kiliweza kukatwa bila kuvunja sentensi ya mtu. Lakini pia hakikuwa na sentensi. Kilibaki na sura ya bogolan, na ujumbe ukabaki kwenye zile nguo za zamani.

Kurudi nyumbani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliondoka Paris akarudi Abidjan, na mwaka 1990 akarudi Bamako kuwa karibu na wanaotengeneza kitambaa chenyewe. Alikuta mambo yameshaanza kubadilika. Tangu mwaka 1978 wasanii sita waliosomea katika taasisi ya taifa ya sanaa walikuwa wameungana katika kundi liitwalo Bogolan Kasobané. Walikwenda vijijini kujifunza majani na matope kwa akina mama, kisha wakayatumia kuchora picha za ukutani na kutengeneza mavazi ya filamu na michezo ya kuigiza. Vijana wa kiume nao walikuwa wameingia katika kazi iliyokuwa ya wanawake, kwa sababu watalii walinunua.

Mwaka huohuo wa 1990 alifanya kazi na kiwanda cha nguo cha ITEMA cha Mali kutoa kitambaa cha kuchapwa kwa mashine, chenye michoro iliyotokana na bogolan yake. Kilikuwa chepesi, kilipatikana kwa jora, na hakikuhitaji wiki kadhaa kutengenezwa. Mwanamke wa Bamako ambaye asingeweza kununua koti la Chris Seydou aliweza kununua kitambaa hicho na kumpelekea fundi wake wa mtaani.

Hapo ndipo penye ubishi ambao haujakwisha. Kwa upande mmoja, mashine ilieneza michoro ya Mali. Mwezi Machi 1991 utawala wa Moussa Traoré ulipoangushwa, na vijana wakatafuta namna mpya ya kujiita Wamali, bogolan ilikuwa tayari kuvaliwa mjini bila aibu. Kwa upande mwingine, mashine haipaki matope. Kitambaa cha kiwandani hakimlipi mfumaji wa mistari ya pamba, wala mama wa Beledougou aliyehifadhi mchoro huo kutoka kwa mama yake. Na kiwanda cha Mali kikiweza kuuchapa, kiwanda cha nchi nyingine yoyote kinaweza pia. Ndivyo ilivyotokea. Leo michoro ya bogolan iko kwenye mashuka, mito ya makochi na nguo katika nchi nyingi, na nyingi ya bidhaa hizo hazijawahi kuona Mali.

Afrika Mashariki inajua hadithi ya aina hiyo. Kanga ni alama ya Waswahili, lakini kwa miaka mingi nyingi zimechapwa India. Kitenge cha waksi kilianza kwa Waholanzi kuiga batiki za Indonesia. Nguo inaweza kuwa ya watu fulani kwa maana na kwa mazoea huku faida ya kuitengeneza ikienda kwingine. Chris Seydou aliliona hilo, na ndiyo sababu hakuchagua upande mmoja. Aliendelea kununua vilivyopakwa kwa mkono kwa nguo zake za bei kubwa, huku kitambaa cha mashine kikienda sokoni.

Hakupata muda wa kuona matokeo. Tarehe 12 Januari 1994 thamani ya faranga ya CFA ilipunguzwa kwa nusu dhidi ya faranga ya Ufaransa. Vitambaa vya kutoka nje vikawa ghali, na kilichotengenezwa nyumbani kikapata nafasi ambayo hakikuwa nayo kabla. Wiki saba baadaye, tarehe 4 Machi 1994, Chris Seydou alifariki mjini Bamako akiwa na miaka 44.

Kazi iliendelea kwa mikono ya wengine. Mwaka 1998 Alphadi wa Niger, mbunifu wa kizazi chake, alianzisha tamasha la kimataifa la mitindo ya Afrika katika jangwa la Tiguidit. Mjini Ségou, Boubacar Doumbia wa kundi la Kasobané aliendesha karakana ya Ndomo, ambako vijana wasio na kazi hufundishwa kupaka bogolan na kuishi kwa mauzo yake. Wanawake wa Beledougou nao hawakuacha.

Mfanyabiashara anayeletewa leo kitambaa cheusi chenye michoro myeupe na kuambiwa ni bogolan ya Mali anaweza kujihakikishia mwenyewe kabla ya kulipa. Akikunjue mezani atafute mishono. Bogolan ya mkono ina mistari ya pamba iliyounganishwa, kila mmoja upana wa kiganja hivi, na mishono hiyo huonekana na kushikika. Kisha aufuate mchoro mmoja kwa kidole. Ukijirudia sawasawa, bila kupinda hata kidogo, ni kazi ya mashine. Ukipinda, ukapungua hapa na kunenepa pale, kuna mtu aliyeupaka kwa matope, na bei yake haiwezi kuwa ya jora. Chris Seydou aliuza vyote viwili, kila kimoja kwa bei yake.